Kichupa cha Watoto Kumi

Rangi nyekundu iliyotiwa kwenye kikombe cha Fundi ililetwa na mumewe mwenyewe, ndani ya kizibo cha soda, ameikinga kwa kiganja isikaukie njiani. Kazi ya mume ilikuwa kupaka rangi majumba. Asubuhi mama yake alikuwa amemwomba, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi: "Ukitoka kazini niletee nyekundu kidogo. Ya mafuta, isiyotoka kwa maji."

Hakuuliza ya nini. Jana yake mkewe alikuwa amemweleza jambo la siri, na siri ile haikukaa kifuani mwake hata saa moja kabla hajaipeleka kwa mama.

Mama alichovya njiti ya kiberiti akatia alama tatu: kwenye mkono wa kikombe, kwenye tako la sahani, kwenye mpini wa kijiko. Akavipanga dirishani vikauke. Fundi aliporudi na mimba yake ya miezi saba na furushi la vitambaa mkononi, alivikuta vinang'aa.

"Mama, hivi ni vya nani?"

"Vyako, mwanangu."

"Vina nini?"

"Vina rangi."

Mume alikuwa ameketi pale pale, anakwangua rangi kwenye kucha. Hakuinua macho. "Ni kikombe tu," alisema. "Usianze."

Fundi alisimama na furushi lake. Zahanati walimpima damu wiki ile, na muuguzi wa pale, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alifunga mlango kabla ya kusema. Alimwambia ana virusi vya homa ya ini aina ya B. Wewe huumwi leo, alisema, na huenda ukazeeka bila kuumwa. Lakini mtoto akivipata wakati wa kuzaliwa, mara nyingi vinakaa naye maisha yake yote, naye akifika miaka thelathini na kitu anaweza kuzikwa kwa sababu ya ini. Njia ya kumkinga ni achomwe chanjo ndani ya saa ishirini na nne za kwanza. Hospitali kubwa zina sindano nyingine ya kuongezea, lakini huko utakakojifungulia hawana. Kwa hiyo hii moja usiikose. Akaandika kwenye kadi kwa wino mwekundu, akapigia mstari.

"Na maziwa yangu?" Fundi alikuwa ameuliza.

"Nyonyesha. Kula na watu, kunywa na watu. Haviendi kwa kikombe wala kwa chakula."

Maneno hayo hayo Fundi aliyarudia sasa mbele ya dirisha, neno kwa neno, kama mtoto anayesoma ubaoni. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa kukatiza wenzake.

"Huyo Sista anakula kwangu?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Watu mia moja na ishirini wanakula mkononi mwangu kila mchana. Wakisikia jikoni kwangu kuna mtu wa ini, watapanga foleni kwa Sista awaelimishe, au watavuka barabara wakale kwa yule mwingine?"

Fundi aliweka furushi chini. Jioni ile alikunywa chai kwenye kikombe chenye alama. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri, ikamganda kidoleni, na ilichukua siku tatu kutoka.

*

Kiwandani walimwita Mama Sufuria. Kilikuwa kiwanda cha magunia, na alikuwa amewapikia wafanyakazi wake kwa miaka ishirini na miwili, tangu mumewe alipofariki na kumwachia mtoto mmoja na jiko moja. Sufuria zake nne zilikuwa kubwa kiasi kwamba kuziosha ilibidi aingie nusu mwili. Alijivunia kwamba hakuna aliyewahi kuumwa tumbo kwa chakula chake. Kucha alizikata kila Jumapili mpaka nyama. Mtu anayetaka kumchukia ni vizuri ayajue hayo kwanza.

Fundi naye alikuwa na cherehani yake barazani. Alishona sare, mapazia, na kitu kimoja kidogo kilichompa jina mtaani: vifuko vya kadi za kliniki. Alivishona kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki, na kifungo mbele, ili kadi ya mjamzito isichafuke wala isisomwe na kila mwenye macho. Kila mwenye mimba mtaa mzima alikuwa na kimoja. Chake kilikuwa cha bluu chenye madoadoa meupe, na kifungo alikitoa kwenye shati la zamani la mumewe. Kadi aliitambua kwa kifuko. Hakuwa na sababu ya kukifungua kila siku.

Mama alilijua hilo.

Siku kumi kabla ya uchungu, wakati Fundi amekwenda kununua nyuzi, Mama alikichukua kifuko kutoka kwenye rafu, akaenda zahanati siku ambayo mwenye miwani alikuwa mapumzikoni. Mapokezi kulikuwa na msichana mgeni wa kazi. Mama alimwambia kadi ya mkwewe imeingia kwenye beseni la nguo, ikawa uji. Msichana akatoa mpya. Jina? Umri? Mimba ya ngapi? Mama alijibu yote.

"Vipimo?"

"Vizuri vyote."

"Homa ya ini?"

"Hiyo nadhani hakupimwa."

Msichana aliacha wazi, akapiga muhuri. Kadi ya zamani, yenye wino mwekundu, Mama aliitia jikoni chini ya sufuria la maharage. Kwa akili yake hakuwa anamdhuru mtu yeyote. Alikuwa anauzima moto kabla haujashika paa. Mtoto atazaliwa kama watoto wengine, alijiambia, na yeye mwenyewe alizaa bila sindano yoyote na mwanawe ni mzima. Akaifunga kadi mpya ndani ya kifuko cha bluu, akakirudisha kwenye rafu, na kifungo kikitazama upande ule ule.

*

Mtoto alizaliwa Ijumaa saa kumi na moja na nusu jioni. Wa kike, mwenye nywele nyingi na hasira. Fundi, aliyeshonea mtaa mzima, alishonwa nyuzi nne, na wakati sindano inapita alikuwa anatazama saa ya ukutani.

Mkunga wa zamu alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mgongo wa kijeshi. Wazazi walimwita Sista Ufunguo, kwa sababu ufunguo wa friji ya chanjo alikuwa ameufunga kiunoni kwa utepe na ulipiga kelele kila alipotembea.

"Sista, mwanangu achomwe ile ya homa ya ini."

"Chanjo ni Jumanne."

"Ni ndani ya saa ishirini na nne. Imeandikwa kwenye kadi, kwa wino mwekundu."

Sista Ufunguo alifungua kifungo, akaitoa kadi, akaipindua. Akaipindua tena.

"Wino mwekundu uko wapi?"

Fundi aliichukua. Karatasi ilikuwa mpya, pembe zake zimenyooka, haina hata alama ya kidole. "Hii si kadi yangu."

"Jina si lako?"

"Jina ni langu."

"Basi ni yako."

"Nilipimwa, Sista. Niliambiwa kwa mdomo na mlango ukafungwa."

"Kadi inasema hukupimwa. Wewe unasema ulipimwa. Mimi nikiulizwa, nionyeshe nini? Mdomo wako?" Alisema bila ukali. Alikuwa amezalisha watu wanne tangu asubuhi na miguu yake ilikuwa imevimba. "Lala. Tutaongea kesho."

Kesho yake saa mbili asubuhi alikuwa zamu tena, na Fundi alikuwa tayari anamsubiri mlangoni mwa chumba cha wauguzi, mtoto kifuani, mkono mmoja umeshika ukuta.

"Nipimeni upya."

"Wa maabara hayupo Jumamosi."

"Mpigieni Sista wa zahanati. Daftari lao linajua."

"Namba yake unayo?"

Hakuwa nayo. Zahanati ilikuwa imefungwa mpaka Jumatatu.

"Basi mchomeni tu. Hata kama mimi ni mwongo, sindano itamdhuru?"

Sista Ufunguo alimtazama, akaona huyu hatoki mlangoni. Alimvuta ndani, akafungua friji, akamwonyesha kichupa kidogo kama kidole gumba. "Unakiona? Ndani kuna dozi kumi. Nikikifungua kwa mtoto mmoja, tisa ninamwaga. Mwaka juzi nilimwaga saba. Niliitwa ofisini, nikasimamishwa mbele ya wenzangu kama mwizi wa kuku, nikaandika maelezo ya kurasa mbili. Tangu siku hiyo chini ya watoto wanane sikifungui. Ndiyo maana tunangoja Jumanne, waje wengi."

"Hapa wodini wako wangapi?"

"Tisa, pamoja na wako. Lakini mama zao hawajaomba, na mimi siwezi kuwalazimisha. Wakiambiwa sindano wanasema tutarudi Jumanne, na Jumanne hawarudi. Kila mtu anataka kwenda kwao." Akafunga friji. Ufunguo ukagonga mlango wa bati. "Waje ndugu zako waseme waliiona hiyo kadi. Wakisema wawili, nitaandika kwamba familia imethibitisha, nami nitafungua. Zaidi ya hapo usinifuate."

Fundi alimpigia mumewe simu.

"Kadi yangu iko wapi?"

"Si unayo?"

"Ile yenyewe."

Simu ikahama mkono, sauti ikawa ya Mama. "Pumzika, mwanangu. Mzazi hatakiwi kuongea sana. Tunakuja saa kumi."

*

Walikuja saa kumi kamili, pamoja na ndugu wa wengine wote, kwa sababu geti lilifunguliwa mara moja tu kwa siku. Wodi ilijaa viatu, vikapu na manukato. Mama alikuwa amevaa gauni lake la Jumapili. Alitoa chupa ya uji, chupa ya kunyonyeshea, kopo la maziwa ya unga, na mwisho, kutoka ndani ya kitambaa, kikombe chenye alama nyekundu.

"Mtoto atakunywa haya," alisema akionyesha kopo. "Ya kwako yapumzike."

Fundi hakukigusa kikombe. Saa ilikuwa kumi na dakika sita. Zilibaki saa moja na dakika ishirini na nne.

"Mama, umebadilisha kadi."

"Sema polepole."

"Mwambie Sista ulichoona kwenye ile ya kwanza. Neno moja tu. Mwambie na usiseme jingine, sitakuuliza tena mpaka nife."

Sista Ufunguo alikuwa ameshafika, amesimama miguuni pa kitanda na kalamu mkononi. "Nyinyi ndio ndugu? Huyu anasema alipimwa akakutwa na homa ya ini. Mnajua hilo?"

Kitanda cha jirani walinyamaza. Mama aliwaona wakinyamaza. Kati ya wageni wao kulikuwa na mwanamke aliyevaa fulana ya kiwanda cha magunia.

Mama alitabasamu. Lilikuwa tabasamu zuri, la mtu anayemwombea mwenzake samahani. Aliweka kiganja kwenye paji la uso la Fundi. "Maskini, uchungu umemchanganya," alisema, kwa sauti iliyofika ukutani na kurudi. "Ndiye mtoto wake wa kwanza. Hana ugonjwa wowote, Sista. Nyumba yetu ni safi."

"Na wewe baba?"

Mume alikuwa ameshika chupa ya uji kwa mikono yote miwili. Rangi nyeupe ilikuwa imemkaukia nyuma ya sikio. Alimtazama mama yake, akamtazama mtoto aliyekuwa amelala mdomo wazi, akatazama sakafu.

"Mimi kadi sikuiona," alisema.

Na hilo lilikuwa kweli. Hakuwahi kuiona. Aliambiwa tu, na aliyemwambia alikuwa analia.

Sista Ufunguo alirudisha kalamu mfukoni. "Basi Jumanne," alisema, akaondoka.

*

Fundi alimfunga mtoto kifuani, akateremka upande wenye maumivu madogo, akaanza na kitanda cha dirishani.

Kulikuwa na mama wa mapacha. "Dada, wanao wamechomwa ya homa ya ini?"

"Ndiyo nini hiyo?"

Fundi akamweleza vizuri, kama alivyoelezwa. Kwamba yeye ana virusi vyake kwenye damu. Kwamba vinapita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa, na pia mtoto mdogo anaweza kuvipata kwa damu baadaye. Kwamba haviendi kwa kukaa pamoja wala kula pamoja. Kwamba wakiomba wengi, kichupa kitafunguliwa. Mama wa mapacha alitikisa kichwa kwa huruma. "Pole sana, dada. Mungu ni mwema. Lakini kama haviendi kwa kukaa pamoja, wangu wana shida gani? Mimi sina. Tutarudi Jumanne."

Kitanda cha pili vilevile: pole, na Jumanne. Cha tatu mume wa mtu alisema hapendi mwanawe achomwechomwe. Saa ilikuwa kumi na nusu. Nyuzi zilikuwa zinamvuta, na kitu cha moto kilikuwa kinateremka mguuni.

Kwenye kitanda cha nne aliyelala alikuwa msichana mdogo, pembeni amekaa shangazi yake mnene anayekula njugu. Fundi alifungua mdomo aeleze, akafunga. Aliwatazama watatu wa nyuma, wametulia na pole zao, wanafungasha. Akaelewa jambo ambalo Mama alilielewa siku ile ya rangi.

"Nina ugonjwa wa ini," alisema. "Wa damu. Jana nilitumia bafu lenu."

Shangazi aliacha kutafuna. "Bafu lipi?"

"Lile lile. Na shuka hii ya mwanangu ilianguka hapa, kwenye kitanda chenu. Kuna sindano ya mtoto, Sista anayo kwenye friji, hataki kuitoa."

Shangazi akasimama na njugu zikamwagika. Kitanda cha tano Fundi hakusema hata hayo. Alisimama tu karibu, akamwinamia mtoto wao na kusema ni mzuri, huku nyuma yake shangazi ameshaanza kuita. Cha sita walimwambia asisogee. Cha saba walivuta kitanda mpaka kikagonga ukuta. Na mama wa mapacha, yule wa Mungu ni mwema, alikuwa wa kwanza kufika mlangoni mwa wauguzi, pacha mmoja kila mkono.

"Huyu ni wa nani?" aliuliza mwanamke wa fulana ya kiwanda. "Nani kamleta mtu kama huyu wodini?"

Fundi aligeuka. Mama alikuwa amesimama penye kitanda chao tupu, anafunga kikombe kwenye kitambaa. Macho yao yakakutana. Mama alitikisa kichwa kidogo sana, mara moja. Katika miaka mitatu ya kukaa naye, ilikuwa mara ya kwanza kwa Mama kumwomba kitu.

"Mama mkwe wangu ni yule," Fundi alisema, akionyesha kwa kidole. "Mama Sufuria. Tunapika jiko moja."

*

Sista Ufunguo alisema baadaye kwamba hajawahi kusukumwa na wazazi wa jana na juzi namna ile. Walitaka sindano sasa hivi. Shangazi wa njugu alitaka mtoto wao apewe mbili, na akiambiwa ni moja, alitaka na yeye mwenyewe. Mwanamume asiyependa kuchomwachomwa alikuwa mbele kabisa, ameshakunja mkono wa kijinguo cha mwanawe, na alipoambiwa inachomwa pajani aliona aibu.

"Wanane," Sista alihesabu. "Tisa na wa huyo."

"Wa huyo awe wa mwisho," alisema mama wa mapacha.

"Kila mtoto ana sindano yake mpya."

"Hata kama. Awe wa mwisho kabisa, baada ya sote kutoka."

Wakakubaliana wote, na hilo tu ndilo walilokubaliana siku ile. Fundi alisimama mwisho wa foleni, hatua nne nyuma ya aliyemtangulia, kwa kuwa aliyemtangulia alipima hizo hatua nne kwa macho. Aliitazama saa. Kumi na moja kasoro kumi. Kumi na moja kamili. Mtoto wa tatu alikuwa mwembamba, wakamtafutia paja. Kumi na moja na dakika saba. Kadi ya mmoja ilikosekana, ikatafutwa chini ya godoro. Fundi hakumwomba mtu aharakishe. Aliogopa wasije wakakumbuka kwamba yupo.

Saa kumi na moja na dakika ishirini na mbili Sista Ufunguo alimwita. Alivuta dawa, akaligonga bomba la sindano kwa ukucha, akamchoma mtoto kwenye paja la kushoto. Mtoto alilia kilio kirefu cha kuonewa.

"Zimebaki dakika nane," Fundi alisema.

"Nini?"

"Hakuna, Sista."

Sista Ufunguo aliinua kichupa kwenye mwanga. Dozi moja ilikuwa imebaki ndani. Akaimwaga kwenye sinki, akavuta karatasi, akaanza kuandika maelezo.

Jumanne ofisa wa chanjo alipopita kukagua, alisoma maelezo yale amesimama, akavua miwani. "Nani alikwambia umwage?"

"Ndiyo utaratibu, mkubwa. Kikishafunguliwa."

"Utaratibu wa nani? Chanjo hii ikikaa kwenye baridi yake na kizibo kisichafuke, kichupa kilichofunguliwa kinatumika mpaka siku ishirini na nane. Ungeweza kukifungua kwa mtoto mmoja kila siku, wala usimwage tone."

"Lakini mwaka juzi niliitwa ofisini."

"Aliyekuita naye hakujua."

Ofisa aliendelea kwenye friji nyingine. Sista Ufunguo alibaki na ufunguo mkononi. Alikuwa na miaka sita katika wodi ile. Alijaribu kuwahesabu watoto wa Ijumaa na wa Jumamosi walioondoka bila sindano, akafika mahali akaacha.

*

Masufuria yalirudishwa kutoka kiwandani Jumatano, juu ya mkokoteni, yameoshwa kuliko yalivyowahi kuoshwa. Barua haikuwepo. Aliyeyaleta aliyashusha nje ya geti, hakutaka hata maji ya kunywa. Barazani wateja wa Fundi walikuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao, vingine vimekatwa nusu, na mmoja alirudisha kifuko cha kadi akakiacha juu ya cherehani kwa ncha za vidole.

Jumapili alikuja baba mkubwa, kaka wa marehemu baba wa mume, kusuluhisha. Alikaa kwenye kiti cha mgeni. Mama alikaa chini, mgongo kwenye sufuria lake kubwa kuliko yote, na kwa siku nne alikuwa amezeeka. Mume alisimama mlangoni. Fundi alikuwa kwenye kigoda, ananyonyesha, kifua wazi mbele yao wote. Kopo la maziwa ya unga lilikuwa juu ya rafu, halijafunguliwa.

"Sikuja kupima nani kakosa zaidi," baba mkubwa alisema. "Mama yenu hapa amekiri la kadi. Ni kweli?"

"Nilikosa," Mama alisema. "Nilikuwa naogopa, nikakosa. Nimeshasema mbele ya kila mtu. Sasa na yeye aseme la kwake." Akageuka. Hakuwa na tabasamu lolote. "Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba haviendi kwa chakula. Ulisimama pale dirishani ukanisomesha. Ulijua kwamba jiko langu ni safi."

"Nilijua, mama."

"Ukawaambia tunapika jiko moja."

"Nilisema."

"Ukijua watafanya nini."

"Nilijua watafanya nini. Wewe uliniambia siku ya rangi."

Miaka ishirini na miwili. Mama alilipiga sufuria kwa kiganja, mara moja, na likalia nyumba nzima. Mtoto alishtuka, akaachia titi, akalitafuta, akalipata.

"Binti," baba mkubwa alisema. "Mtoto amepata sindano yake, tumshukuru Mungu. Zilizobaki atamalizia, na baada ya mwaka atapimwa. Hilo limepita. Hapa kuna mwanamke mzima umemvunjia kazi yake mbele za watu, kwa uongo. Maneno mawili tu: nisamehe, mama. Ukiyasema, leo hii tunakunywa chai pamoja. Usipoyasema, kesho mumeo atakusindikiza kwenu na cherehani yako."

Fundi alimtazama mumewe. "Na wewe unataka niyaseme?"

Mume alikuwa anakwangua rangi kwenye kucha. "Sema tu," alisema. "Yaishe."

Kikombe chenye alama kilikuwa miguuni pa Fundi, kina maji ya vuguvugu. Alikiokota, akanywa mpaka chini, akakirudisha. Akamhamishia mtoto titi la pili.

"Nikirudishwa wodini leo," alisema, "wale watatu wa kwanza sitawaeleza lolote. Nitaanza na uongo tangu kitanda cha dirishani, nisipoteze nusu saa."

"Hilo si jibu la nililokuomba," baba mkubwa alisema.

"Ndilo hilo, baba. Siombi radhi."